Trekta dogo na visiki vya Handeni: ninunue lipi?

Ndugu Mshauri,

Baada ya salamu, naomba unisaidie katika jambo ambalo limeninyima usingizi tangu mwezi wa nne. Mimi ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi. Ninazo ekari 22 wilayani Handeni, ambazo nilizinunua kidogo kidogo kwa muda wa miaka tisa, na sasa kiinua mgongo kimetoka na nimetenga shilingi milioni 40 kwa ajili ya kusafisha shamba na kununua trekta dogo litakalonilimia mahindi na muhogo, na baadaye michungwa. Ekari 5 ziliwahi kulimwa na aliyeniuzia, kisha zikaachwa, na sasa zimefungwa na kichaka cha mkulagembe ambacho mtu hapiti bila kuchanika. Ekari 17 zilizobaki ni pori lenyewe: miti mingi ina unene wa paja, na ipo michache ambayo mtu mmoja hawezi kuikumbatia. Upande wa mashariki shamba linateremka taratibu hadi kwenye korongo linalopitisha maji wakati wa masika.

Nimepata nafasi tatu. Muuzaji mmoja wa Dar es Salaam ana trekta lililotumika kutoka Japani, la nguvu za farasi 24, linalovuta kwa magurudumu yote manne, pamoja na rotaveta yake, ile mashine ya visu ya kusagia udongo, kwa shilingi milioni 18. Ameniapia kwamba linang'oa mti wowote. Mkulima wa Korogwe anauza Massey Ferguson 240 ya zamani, pamoja na plau ya sahani tatu na tela, kwa shilingi milioni 27. Mwanangu wa kwanza naye ananishauri nikope, nichukue trekta jipya la nguvu za farasi 45 lenye kijiko cha mbele.

Mwaka jana tulijaribu kuazima trekta dogo la jirani. Tulifunga mnyororo kwenye kisiki chenye upana wa sufuria ya kupikia ugali wa watu kumi, dereva akakanyaga mafuta, magurudumu ya nyuma yakachimba mashimo, na ya mbele yakanyanyuka kama shibiri moja kutoka chini. Dereva akaruka akakimbia, na kisiki kipo hadi leo. Je, ninunue lipi kati ya hayo, na nianze na vifaa gani? Mke wangu ameweka sharti moja tu: mninga ulio karibu na mahali tutakapojenga usiguswe.

Mwalimu Mstaafu, Handeni

*

Mwalimu, shikamoo.

Naomba nianze na ile shibiri moja, kwa sababu ndani yake limo jibu la maswali yako mengi. Trekta likivuta kitu kisichosogea, injini haiachi kuzungusha ekseli. Kama tairi haziwezi kwenda mbele na hazitelezi, kinachobaki ni mwili wa trekta wenyewe kuzunguka ekseli ya nyuma, pua ikielekea juu. Mnyororo ukifungwa juu ya usawa wa ekseli ya nyuma, au kwenye mkono wa juu wa haidroliki, unasaidia kuliangusha trekta chali. Tangu magurudumu ya mbele yanapoacha ardhi hadi trekta kumlalia dereva inaweza kupita sekunde moja na nusu tu, na kwa nusu ya kwanza ya muda huo dereva huwa bado anajiuliza kuna nini. Kijana wako aliyeruka alibahatika kwa sababu magurudumu ya nyuma yalikubali kuchimba. Ardhi ingekuwa ngumu zaidi, angekuwa chini ya usukani.

Niliwahi kushuhudia jambo hilo kwenye shamba moja la mkonge nilipokuwa msaidizi wa fundi. Dereva mzoefu, mtu wa makamo, alipitisha mnyororo juu ya ekseli kwa sababu baa ya kuvutia iliyo chini ilikuwa imejaa matope na hakutaka kuchafua mikono. Trekta halikupinduka kabisa, lilisimama wima kama punda aliyegoma, kisha dereva akakanyaga klachi na likarudi chini kwa kishindo kilichopasua kifuniko cha ekseli ya mbele. Tangu siku ile sijawahi kuona mnyororo umefungwa juu nikanyamaza.

Kwa hiyo, Mwalimu, muuzaji aliyekuapia kwamba trekta la nguvu za farasi 24 linang'oa mti wowote hakukwambia kweli. Nguvu za farasi hupima kasi ambayo injini inaweza kufanya kazi. Kinachong'oa kisiki ni uzito unaokandamiza ardhi, na trekta hizo ndogo za Kijapani mara nyingi zina uzito wa tani moja, pengine kasoro au ziada kidogo. Magurudumu manne yanayovuta husaidia sana kwenye utelezi na mwinuko, lakini hayaongezi hata kilo moja. Hata lile jipya la mwanao la nguvu za farasi 45, trekta za kundi hilo mara nyingi huwa na uzito wa tani moja na nusu hadi mbili, nalo litashindana na kisiki cha unene wa paja kwa shida, na kile kisichokumbatika halitakiamsha. Buldoza la D6, ambalo ndilo hasa lilitengenezwa kwa kazi hiyo, linakaribia tani 18 au zaidi.

Nchi hii imewahi kulipa ada ya somo hili. Mradi wa karanga ulioanzishwa na Waingereza mwaka 1947 kule Kongwa, na baadaye Urambo na Nachingwea, ulileta mitambo chakavu iliyobaki vitani, ikiwemo vifaru vya Sherman vilivyogeuzwa kuwa trekta. Walifunga minyororo mizito kati ya buldoza mbili wakaangusha vichaka, lakini mizizi ilibaki chini ikavunja majembe, na mwaka 1951 mradi ukafungwa. Wale walikuwa na hazina ya dola nzima nyuma yao. Wewe una kiinua mgongo.

Ushauri wangu basi ni kwamba usinunue trekta kwa ajili ya kung'oa visiki. Kazi ya visiki utaifanya mara moja, kwa mtambo wa kukodi. Trekta linunue kwa ajili ya miaka ishirini itakayofuata. Ukitenganisha mambo hayo mawili, uchaguzi unakuwa mwepesi, na hesabu yako ya milioni 40 inaweza kutosha.

Kuhusu mtambo wa kukodi, wengi hukimbilia buldoza kwa kuwa linaonekana kufanya kazi kwa haraka. Mimi ningechagua mtambo wa kuchimbia wa tani 20 hivi, ule ambao mtaani tunauita kijiko. Buldoza husukuma kisiki pamoja na udongo wa juu wenye rutuba, na ukirudi msimu wa pili utakuta mahindi ya katikati ya shamba yamedumaa, huku yale yaliyo pembeni ya rundo la magogo yamenawiri, maana mbolea yako yote ilisukumiwa huko. Kijiko huchimba pembeni, hukata mizizi mikubwa, huinua kisiki, na dereva anayejua kazi hukitikisa ili udongo urudi kwenye shimo. Usikubali bei ya jumla ya ekari kabla hujaona kazi. Kodi kwa saa, kaa na daftari chini ya kivuli, hesabu visiki vinavyotoka katika saa mbili za kwanza, kisha zidisha. Gharama inayoumiza zaidi huwa ni ya lobedi, yaani lori la kubebea mitambo, kuleta mtambo na kuurudisha, kwa hiyo tafuta majirani wawili wenye shida kama yako mchangie safari. Pia usifungue ekari 17 kwa mkupuo. Anza na 6 zilizo mbali na korongo, uone udongo wako unavyopokea jua na mvua ukiwa wazi.

Kama kuna visiki vyembamba utakavyotaka kuving'oa wewe mwenyewe, usikate mti ukaulaza sawa na ardhi. Hili ni kosa ambalo karibu kila mwenye msumeno wa mnyororo hulifanya kwa kupenda usafi. Acha kisiki kirefu cha mita moja au moja na nusu, kwa maana urefu huo ndio wenzo wako. Subiri mwishoni mwa masika, udongo ukiwa bado laini lakini unabeba tairi, chimba kukizunguka kwa sururu, kata mizizi ya pembeni kwa shoka, halafu funga mnyororo juu kwenye kisiki na chini kwenye trekta, kwenye baa ya kuvutia na si penginepo. Winchi ya mkono pamoja na puli moja, ukiitia nanga kwenye mti mwingine imara, itakufanyia kazi kubwa kuliko unavyodhani. Ni ya polepole na inatoa jasho, lakini haiwezi kupinduka na kumlalia mtu. Watu wote wasimame mbali kuliko urefu wa kamba yenyewe, kwa sababu kamba ya chuma inayokatika ikiwa imekazwa hurudi na nguvu ya kuua.

Sasa trekta. Kati ya matatu uliyotajiwa, ningekwenda Korogwe. Massey Ferguson 240 ina nguvu za farasi zinazokaribia 50, ni nzito kuliko lile la Kijapani, na zaidi ya yote, fundi yeyote wa Handeni, Korogwe au Muheza ameshawahi kuifungua mikono yake ikiwa na grisi hadi viwiko. Ukiharibikiwa na pampu ya haidroliki mwezi wa tatu, wakati mvua inakwepa na jirani anapanda, spea inayopatikana kwa bodaboda ni bora kuliko teknolojia nzuri inayosubiri kontena. Udhaifu wake ni kwamba nyingi huvuta kwa magurudumu mawili tu. Kwa mteremko wa taratibu kama wako, hilo litarekebishwa kwa kujaza maji kwenye tairi za nyuma hadi robo tatu, mdomo wa valvu ukiwa juu. Kila tairi itabeba zaidi ya lita 100, na uzito huo unakaa chini kabisa, mahali pazuri.

Silidharau trekta la Japani. Kwenye bonde la mpunga au bustani ya mboga lingekuwa chaguo zuri. Lakini rotaveta yake iliundwa kwa ajili ya matope ya mpunga, na katika shamba lililotoka kusafishwa kila mzizi uliobaki utapinda kisu au kuvunja boliti. Kuna hatari nyingine isiyosemwa dukani. Nyingi kati ya trekta hizo za zamani zina shafti ya PTO, ile ya nyuma inayozungusha vifaa, inayoendeshwa na gia za kutembelea; ukifunga slasha, yaani mashine ya kufyekea, ukakanyaga klachi usimame, uzito wa visu vinavyozunguka unaendelea kulisukuma trekta mbele, pengine hadi korongoni. Kipo kifaa kidogo cha kuvaa kwenye shafti kinachoruhusu visu vizunguke bila kulisukuma trekta, na asiyekifunga asithubutu kufunga slasha. Tena PTO hizo huwa na gia kadhaa za kasi, ilhali slasha za kawaida zinataka mizunguko 540 kwa dakika. Kijana akiweka gia ya tatu kwa pupa, boksi la gia la slasha halitamaliza wiki.

Kuhusu lile jipya lenye kijiko cha mbele, mwanao hajakosea. Ni chombo kizuri cha kupanga magogo na kubeba samadi. Ninachokipinga ni mkopo kabla ya shamba kutoa gunia la kwanza.

Ukifika Korogwe, fika asubuhi na mapema kabla mwenyewe hajaliwasha. Weka kiganja kwenye injini. Ikiwa ya moto, uliza kwa nini. Liwashwe mbele yako, na moshi mweusi wa mwanzo usikutishe, ila moshi wa bluu usioisha maana yake injini inakula oili. Chomoa kijiti cha oili ya haidroliki. Ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia. Kisha mwambie anyanyue plau hadi juu, azime injini, ninyi mnywe chai. Baada ya dakika kumi, plau ikiwa imeshuka hadi chini, haidroliki inavuja kwa ndani, na hapo una sababu ya kuteremsha bei. Kadi ya usajili ilingane na namba za chesisi. Hili nadhani mwalimu hahitaji kukumbushwa.

Angalia pia kama ina fremu ya usalama nyuma ya kiti, ile ya chuma inayozuia trekta kumlalia dereva likipinduka. Kama haina, tafuta iliyotengenezwa kwa ajili ya modeli hiyo, wala usikubali fundi wa geti akuchomelee mabomba ya maji, kwa sababu yatakunja kama mabua. Ikiwa fremu ipo, dereva afunge mkanda. Ikiwa haipo, mkanda usifungwe.

Kifaa cha kwanza kununua baada ya trekta ni slasha, tena ile nzito. Kwa kukadiria, kila futi moja ya upana hutaka nguvu za farasi 5 kwenye PTO, kwa hiyo slasha ya futi 5, yaani kama sentimita 150, itatosheka na trekta lako na kubakiza akiba. Ingia chini yake utazame kwa macho. Utaona sahani ya mviringo iliyobinuka kama karai, visu vikiwa vimening'inia pembeni kwa boliti. Sahani hiyo ndiyo inayopanda juu ya kisiki na kuteleza badala ya kujigonga. Isiyo nayo iache. Hakikisha pia ina klachi ya kuteleza kwenye shafti, au walau boliti laini ya kukatika, na ununue boliti za akiba kumi. Dereva anayeweka nondo mahali pa boliti hiyo amehamishia uvunjaji kwenye boksi la gia. Slasha nyepesi hukata shina la unene wa dole gumba, nzito hufika sentimita 5 na kuendelea kidogo. Zaidi ya hapo ni kazi ya panga, shoka na msumeno. Mtu asikaribie chini ya mita 100 visu vikizunguka, kwa sababu jiwe lililorushwa na slasha halina tofauti na risasi.

Hata hivyo, usipeleke slasha kwenye zile ekari 5 kabla hujasoma sentensi hii mara mbili: mkulagembe uliofyekwa huacha vijiti vilivyochongoka kama mikuki, na vijiti hivyo hutoboa tairi. Wazee hawakuupa mti jina la mla majembe kwa utani. Ukiufyeka unachipua upya, na mizizi iliyojeruhiwa huotesha machipukizi mbali na shina mama, ndiyo maana kichaka chako kimezidi kuwa kinene kila mwaka. Hizo ekari 5 zipe vibarua wenye sururu, wakate chini ya uso wa ardhi na kuvuta mizizi, halafu slasha ipite kwenye machipukizi msimu unaofuata yakiwa bado mateke. Tairi zichague zenye tabaka nyingi, na kila jioni kijana azizunguke akichomoa miiba kabla haijaingia ndani. Katika mzunguko huohuo asafishe wavu wa mbele ya rejeta, kwa kuwa mbegu za majani huuziba katika saa chache na injini inachemka bila dereva kujua.

Plau ya sahani tatu inayokuja na trekta ni ya kufaa, kwa sababu sahani ikikuta mzizi hupanda juu yake na kuuvuka, wakati jembe la ncha lingenasa. Kwenye ardhi mpya itakuwa nzito kwa trekta hilo; kama fremu yake inaruhusu, toa sahani moja kwa misimu miwili ya kwanza. Tela utalishukuru siku ya kwanza ya kubeba magogo. Haro, ile ya kuvunja mabonge, inaweza kusubiri mwaka, na rotaveta isubiri hadi ulime shamba zima bila kugonga kitu.

Katika milioni 13 zitakazobaki baada ya Korogwe, weka pembeni kwanza fedha ya fundi, tairi na oili, kisha slasha, na kinachosalia ndicho kiamue saa ngapi za kijiko utakodi mwaka huu. Usigeuze mpangilio huo.

Kabla ya mtambo wowote kuingia, pita kwa ofisa wa misitu wa wilaya ukiwa na karatasi zako za ardhi. Mninga na mpingo si miti ya kukatwa kienyeji, na magogo, mbao au mkaa vikitoka shambani vinahitaji hati ya kusafirishia. Watu wamepoteza mzigo pamoja na gari kwa kudhani kwamba shamba likiwa lao basi kila kilichomo ni chao. Kwenye korongo, kumbuka kwamba Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imeweka mita 60 kutoka kingo za mto ambazo hazifanyiwi shughuli za kudumu wala zinazoharibu kingo hizo; uliza kama korongo lako linahesabiwa. Pima kwa kamba, piga vigingi vyenye rangi, na umwonyeshe dereva wa kijiko kabla hajawasha. Marundo ya magogo yalazwe kukatiza mteremko, yasielekee bondeni.

Na mninga wa mama uzungushiwe utepe mwekundu siku hiyohiyo, mbali na shina kwa hatua kumi, si kwenye shina lenyewe. Mtambo wa tani 20 ukipita juu ya mizizi, mti hausemi kitu. Hukauka polepole baada ya miaka miwili, wakati dereva ameshasahaulika na wewe ndiye utakayeulizwa.